Bata wa Rangi ya Ubao

Mimi si mtu wa kinyaa. Nimekulia Mgololo, baba akifanya kazi kiwandani, na harufu ya miti inayopikwa ili iwe karatasi ilikuwa inaingia hadi kwenye sweta la shule, kwenye maandazi, kwenye mto wa kulalia. Wageni wakija walikuwa wanaziba pua, sisi tunawashangaa. Baadaye nikasomea ualimu wa baiolojia, nikapasua panya na mende mpaka nikazoea kula chapati maabara ikiwa bado inanuka dawa ya kuhifadhia mizoga. Kwa hiyo nikisema kwamba siku ile ya mahafali nilisikia kinyaa hadi mate yakanijaa mdomoni, naomba niaminiwe.

Shule yenyewe ni ya binafsi, iko Iringa, na jina lake nalihifadhi maana bado wananilipa. Nafundisha kidato cha tatu na cha nne. Tunatakiwa kufundisha kwa Kiingereza, lakini nikiona macho ya darasa yameanza kulala nageukia Kiswahili, na kila mwaka mada inayonigeuza mapema ni ile ya viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi mpaka wakafaa mahali walipo. Wapo wazazi wasioipenda. Mimi naipenda kuliko zote, na huwa naianzia mbali kabisa, kwenye ncha za dunia, kwa sababu kule mambo yako wazi. Baridi haimwonei mtu huruma. Kiumbe kinafaa au kinakufa.

Nawaeleza habari za samaki wa bahari ya kusini ambaye damu yake haina wekundu, imekaa kama maji, na mwilini ana kitu kinachozuia barafu isimgandishe. Nawaeleza habari za dubu mweupe wa kaskazini, kwamba ukimnyoa utakuta ngozi nyeusi. Nawaambia kwamba kule kwenye mawe yasiyo na udongo kuna vigaga vya kijivu na kijani ambavyo ni viumbe hai, na kwamba ndugu zao wako hapahapa, kwenye majabali ya Iringa wanayopanda Jumapili kwenda kupiga picha. Hapo huwa wanaamka. Kisha naingia kwa pengwini, ndege ambaye mababu zake waliruka angani, halafu vizazi na vizazi vya kuogelea vikaligeuza bawa kuwa kasia. Wanafunzi wangu wanampenda pengwini. Anatembea kama mzee wa kanisa aliyeshiba.

Mwaka huu, Alhamisi moja kabla ya mahafali ya kidato cha nne, niliazima bata kwa ajili ya kipindi hicho.

Bata alikuwa wa jirani yangu wa Mlandege, bibi mmoja mjane ambaye wazee wake walitoka pwani zamani na biashara ya nguo. Mtaani kwetu wengi hawali bata, wanasema ni ndege mchafu, anakula kila takataka. Bibi alikuwa anawacheka. Alifuga bata uani, akiwachotea maji kwenye beseni kuukuu la bluu, na kila Idi alikuwa anachinja mmoja na kuniletea mchuzi kwenye bakuli lenye mfuniko. Lakini mwaka huu mbwa wa mtaani walikuwa wameruka ukuta na kumwachia dume moja na jike moja tu, jike jeupe lote. Alikuwa anasubiri mvua zianze jike atage, ukoo wa bata wake uanze upya. Ndiyo maana nilipomwomba huyo jike alinitazama kwanza.

"Unampeleka kumfanya nini?"

"Kufundishia, bibi. Nitamwagia maji kidogo mgongoni, wanafunzi waone yanavyoteleza. Jioni narudi naye."

"Maji hayamdhuru. Mchukue, lakini mbebe vizuri, usimning'inize miguu juu kama kuku wa sokoni."

Nilimbeba vizuri. Darasani nikamweka mezani, nikammiminia kikombe cha maji mgongoni, na maji yakajikusanya matone matone, yakateremka, manyoya yakabaki makavu. Nikawaonyesha ile tezi ya mafuta juu ya mkia, na bata mwenyewe, bila kuambiwa, akageuza shingo, akachota mafuta kwa mdomo na kujipaka mbawani. Darasa likacheka kwa furaha. Nikawaambia kwamba hicho ndicho kinachomweka hai pengwini, koti lisilopitisha maji wala upepo, lililochukua vizazi visivyohesabika kushonwa. Nikawaambia pia kwamba meli ikimwaga mafuta kwenye bahari ya baridi, manyoya yanashikana, koti linafunguka, ndege anajaribu kujisafisha kwa mdomo na kumeza sumu, na kama hakufa kwa sumu atakufa kwa baridi. Waliandika. Nilifurahi, maana ni mara chache watoto kuandika bila kulazimishwa.

Mkuu wa shule alinikuta koridoni nikitoka na bata kwapani.

Huyu ni mtu wa suti na mawazo. Akipata wazo hapati usingizi, na akipata mgeni rasmi ndiyo kabisa. Alimtazama bata, akatazama bango la pengwini nililokuwa nimelishika mkono wa pili, akamtazama tena bata. Nikaona wazo linaingia.

"Mwalimu, huyu abaki hadi Jumamosi. Tutakuwa na Kona ya Barafu."

"Ni wa mtu, mkuu. Nimeahidi kumrudisha leo."

"Huyo mtu nitaongea naye mimi."

Na kweli alikwenda. Alikwenda na suti yake hadi uani kwa bibi, akaketi kwenye kigoda, akamwambia kwamba ndege wake ataonyeshwa kwa mgeni rasmi, kwamba watu wa barafuni wana ndege wao wanaofanana na huyu, na shule itamletea pilau. Bibi aliona ni heshima. Mkuu wa shule mzima kuingia uani kwake na kumsifia bata, ilhali mtaa mzima unamcheka. Aliuliza swali moja tu, ndege atafanywa nini, na akajibiwa kwamba ataonyeshwa tu, kisha atarudi. Aliniambia mwenyewe jioni ile, akitabasamu. Bata akalala stoo ya shule.

Jumamosi niliingia ukumbini mapema kupanga viti vya wazazi wa darasa langu. Harufu ndiyo iliyonipokea. Kona ya Barafu ilikuwa imetengenezwa kwa pamba na yale maboksi meupe yanayokuja na televisheni, na katikati kulikuwa na karai lenye mabonge ya barafu ya kweli. Barafu ile ilikuwa imetoka kwenye friza la duka la samaki. Ilishaanza kuyeyuka, na maji yake yalikuwa ya kijivu, yana magamba, yametiririka sakafuni hadi chini ya meza ya keki. Kando ya karai alisimama dubu wa manyoya kutoka mtumba, mweupe zamani, mwenye doa la kahawia kiunoni ambalo sikutaka kulifikiria. Dubu na pengwini ukumbi mmoja, wakati duniani mmoja anakaa juu kabisa na mwingine chini kabisa, na hawajawahi kuonana tangu waumbwe au tangu wabadilike, chagua mwenyewe. Lakini hilo ningelimeza.

Bata alikuwa amesimama ndani ya yale maji ya samaki, amefungwa kamba mguuni. Walikuwa wamempaka rangi. Mgongo, mbawa, kichwa na shingo kwa nyuma, vyote vyeusi, tumbo wakaliacha jeupe. Haikuwa rangi ya chakula wala masizi. Ilikuwa rangi ya ubao, ile nzito ya mafuta, iliyobaki likizo walipopaka upya mbao za madarasa. Ilikuwa imekauka nusu, nyoya limeshikana na nyoya hadi yamekuwa vibao, na mbawa zimegandana na ubavu. Juu ya mdomo wamepitisha rangi ya njano, na tundu moja la pua limezibwa. Alikuwa anajaribu kujisafisha. Aligeuza shingo, akachota pale juu ya mkia, akapitisha mdomo mbawani, mdomo ukatoka mweusi, akameza, akarudia. Bata wa aina hii hapigi kelele. Anahema tu kwa sauti ya kukwaruza, na siku ile alikuwa anakwaruza mfululizo.

Nilitema mate kwenye leso.

"Nani amefanya hivi?" nilimuuliza fundi wa shule, aliyekuwa anapachika pamba kwa gundi.

"Mkuu alisema. Mimi napaka tu, mwalimu. Hata hivyo ametulia, hajasumbua."

Mkuu alipofika nilimweleza, na sikumeza maneno. Nilimwambia huyu ndege anakufa, kwamba tumemfanyia kilekile nilichofundisha Alhamisi kuwa kinaua ndege wa baharini. Alinisikiliza akirekebisha tai. Akasema rangi ya ubao ni salama maana watoto wanaiandikia kila siku, na kuhusu barafu ya samaki akasema imezidisha uhalisia, pengwini si anakula samaki? Akaniomba nikaangalie viti. Nilikata kamba ile kwa kisu cha keki, lakini kabla sijafika mlangoni ngoma za bendi zikalia, mgeni rasmi ameingia, na mwalimu wa nidhamu akaninyang'anya bata mikononi kwa tabasamu la mbele za watu. Viganja vyangu vikabaki vyeusi. Nilikaa saa zote za hotuba nimevikunja mapajani, vinanuka samaki na rangi ya mafuta.

Mgeni rasmi alipitishwa kwenye kona. Alimpapasa bata kichwani, akatazama vidole vyake, akavifuta kwenye kitambaa cha meza, akasema elimu kwa vitendo ndiyo taifa linachohitaji. Watu wakapiga makofi. Mzazi mmoja wa Kihehe, baba mtu mzima mwenye koti la kijeshi, alinisogelea taratibu.

"Kamwene, mwalimu. Hii ndege imetoka nchi gani?"

"Imetoka Mlandege, baba."

Akanitazama kama ninamtania, akarudi kwenye kiti chake.

Nilidhani baada ya hotuba kila kitu kitakwisha. Nilisahau mnada.

Aliyesali kwenye makanisa ya huku anaujua. Ibada ikiisha, waumini wasio na fedha wanakuwa wameleta mahindi, mkungu wa ndizi, mayai, kuku, na vitu hivyo vinanadiwa nje. Uungwana ni kwamba ukinunua, unarudisha. "Nimenunua, namrudishia Bwana," na kitu kinanadiwa upya. Yai moja linaweza kununuliwa na kanisa zima na jioni likabaki yai lilelile. Mimi ni Mlutheri, nimelelewa ndani ya mnada huo na nilikuwa naupenda; una kicheko na una ukarimu. Shuleni kwetu wameuleta kwenye mahafali kuchangia basi. Lakini yai halina pumzi.

Mshereheshaji alimnyanyua bata juu kwa mikono miwili. "Pengwini pekee Nyanda za Juu Kusini!" Ukumbi ukalipuka. Mfanyabiashara wa mbao akanunua, akapelekewa bata hadi kitini, akapiga naye picha, akarudisha. Mama mmoja wa kwaya akanunua, akarudisha. Kidato cha nne wakachanga, wakanunua, wakarushiana bata mikononi, wakarudisha. Kila alipopita suti ziliingia madoa, na wenye suti wakacheka, siku ya leo acha tu. Upepo wa Iringa wa Septemba ulikuwa unapita mlango hadi mlango. Nilikuwa naona kichwa chake kinavyoanza kulegea, kinalala kwenye kila mkono kinakotua, na watu wakasema tazama alivyopoa, amezoea watu. Hakuna hata mmoja aliyemtazama machoni. Watu hawa ninawajua, si wakatili, wengine ni wazazi wazuri kuliko mimi, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. Walikuwa wanampapasa ndege anayekufa huku wakishangilia wema wao wenyewe.

Nikanyoosha mkono. Nilipandisha bei hadi wengine wakanyamaza, kwa mshahara ambao nilikuwa sijaupokea.

"Mwalimu wetu wa baiolojia!" mshereheshaji akasema. "Ameshika pengwini, na sasa anamrudisha kwa ajili ya basi letu."

"Simrudishi," nikasema. "Nimemnunua, naondoka naye."

Kuna kimya cha kanisani na kuna kimya cha msibani. Hiki kilikuwa cha kumwona mtu akila sadaka. Mshereheshaji akacheka kidogo, akadhani natania. Kisha nyuma mtu mmoja akasema, "Mwalimu mchoyo huyo," na watu wakaanza kuguna. Mkuu wa shule alinitazama kutoka meza kuu kwa macho ambayo nilijua nitakutana nayo Jumatatu. Nikavua kitenge cha sare ya walimu nilichojitanda mabegani, nikamfunga nacho bata, nikapita katikati ya viti. Hakuna aliyenizuia, maana hakuna aliyetaka kuguswa na rangi mara ya pili.

Bibi alikuwa uani anatusubiri, mimi na ile pilau aliyoahidiwa na mkuu. Nilifungua kitenge. Alimgeuza bata taratibu, akaupapasa mgongo mgumu, akanusa vidole vyake, akakunja uso.

"Huyu wamemfanya nini?"

"Wamempaka rangi, bibi. Ili afanane na ndege wa barafu."

"Rangi ya nini?"

"Ya ubao."

Alikwenda jikoni akarudi na chupa ya mafuta ya alizeti na sabuni. Tulikaa chini sote wawili, beseni la bluu katikati yetu, mkaa ukiwaka pembeni. Tulipaka mafuta, tukasugua, tukasuuza. Rangi ilitoka pamoja na manyoya, yakaelea juu ya maji kama uchafu wa mtaro. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, imebabuka. Dume lilikuwa linazunguka nje ya duara letu, likipandisha na kushusha kichwa. Tulizibua pua kwa njiti ya kiberiti. Jua lilipokuwa linazama tulimfunga kwenye sweta langu, tukamweka karibu na jiko, na kwa kitambo akafumbua macho, nikaanza kujidanganya.

Asubuhi bibi alikuja kugonga mlango wangu, kanga kichwani.

"Amekufa kibudu," akasema. "Sikuwahi hata kumtilia kisu. Na ningewahi, nani angekula nyama ya rangi ya ubao?"

Kwake hilo lilikuwa neno zito. Mnyama anayeelekea kufa unamuwahi, asipotee bure, asiwe mzoga. Huyu hakufaa kwa mayai, hakufaa kwa mchuzi, na hata mbwa hatukutaka wamle. Nilichimba shimo nyuma ya ukuta, bibi akisimama kando, na tulipomaliza aliniuliza kwa upole, kama anauliza bei ya nyanya:

"Na huyo ndege wa barafu mliyekuwa mnamtafuta, mlimpata?"

"Hatukumpata, bibi."

Jumatatu mkuu aliniita ofisini. Alisema nimeuvunja mnada ulipokuwa umeshika moto, na nimeiaibisha shule mbele ya mgeni rasmi. Ukutani nyuma yake tayari palikuwa na picha ya mgeni rasmi na bata, imewekwa kwenye fremu. Nilimwambia bata amekufa. Akasema pole, kwa kweli akasema pole, kisha akavuta kiti mbele, na nikaliona lile wazo linaingia tena.

"Lakini kona ilipendwa sana. Mwakani tufanye dubu. Nilipokuja kwenye msiba wa mama yako Iyunga, si niliona pale kwenu mbwa mmoja mkubwa mweupe? Huyo hata rangi hahitaji. Labda pua tu."

Nilimwambia yule mbwa amekufa. Ni mzima kabisa. Jumapili nilikuwa nimemsikia kwenye simu ya baba, ambaye tangu astaafu kiwandani anaishi Iyunga, mbwa akibwekea bodaboda.

Kutoka hapo nilikwenda darasani. Ubao wa kidato cha tatu ulikuwa umepakwa kwa kopo lilelile, mweusi, laini, unang'aa. Chaki ilishika vizuri. Niliandika kichwa cha somo, halafu nikasimama pale nimewapa wanafunzi mgongo kwa muda mrefu kidogo, nikivuta pumzi kwa mdomo.

Siku iliyofuata nilipita sokoni nikanunua bata jike, mweupe, mnene, macho yanang'aa, nikambeba kwapani, miguu chini, mpaka uani kwa bibi. Nilibisha hodi nikamwamkia. Aliitikia, akanikaribisha, akamtazama bata kichwa hadi mkia bila kunyoosha mkono kumpokea. Lile dume lilikuja mbio.

"Ni mzuri," bibi akasema. "Nashukuru, mwanangu. Lakini mrudishe."

"Kwa nini, bibi? Ni mzima, nimemkagua."

"Nitafutie mweusi. Huyu mweupe mtakuja kumwazima tena."